Mwami Wako Ana Njia Moja Tu

Feza mwanangu,

Nimekutuma kurudisha kinu kwa Mama Sifa ili nipate nafasi ya kuandika. Namjua Mama Sifa. Atakukalisha, atakupa chai, atakuuliza habari za masista wa Usumbura ambao hujawaona bado, nawe utamjibu kila swali kwa adabu kwa sababu hujui kumwambia mtu mzima kwamba una haraka. Kwa hiyo nina saa mbili hivi. Mtu akiniuliza kwa nini mama anamwandikia barua mtoto aliye nyumba ya nne kutoka hapa, nitamwambia kwamba mtoto huyo nikianza kuzungumza naye ananijibu "ndiyo mama", na mazungumzo yanakufa papo hapo.

Hiyo "ndiyo mama" yako imenichosha. Nitaifikia.

Mambo ya sabuni, ya chumvi, ya kutolala na dirisha wazi nimekwisha kukuambia mara tatu na siyaandiki. Kama hukuyasikia, basi. Nataka tuzungumze habari za mchezo wetu wa sataranji. Usicheke. Najua unaondoka kesho asubuhi kwenda Usumbura kusomea uuguzi, na mama mwingine yeyote hapa Nyamianda angeandika habari za Mungu na za wanaume. Hizo utaambiwa na kila mtu. Habari za namna ya kuanza mchezo hakuna atakayekuambia, na wewe, mwanangu, unaanza vibaya mno.

Miaka minne nimekufundisha. Miaka minne nimekupa weupe ili uanze wewe, kwa sababu mwenye weupe ndiye anayeanza, na mwanafunzi lazima ajifunze kuanza. Nawe unafanya nini? Unashika askari wa pembeni kabisa, unamsogeza hatua moja, halafu unanitazama, kama mtu aliyefungua dirisha kidogo aone kama mvua inanyesha. Nikikuuliza, "Feza, unataka nini?" unasema, "Naona kwanza mama atafanya nini." Mama atafanya anachotaka! Umemwachia majibu ishirini na yote mazuri. Ningeweza kukushinda huku namenya muhogo, na mara nyingi nilikuwa namenya muhogo.

Halafu mwaka jana mtu alikuchanganya kichwa huko misioni, ukarudi likizo na mtindo mpya. Askari wa mbele ya mwami hatua mbili, sawa, nikasema mtoto amekua. Hatua ya pili, madamu huyo nje! Peke yake, hana hata farasi wa kumsindikiza, amekwenda pembeni anamtishia askari wangu na kumkazia macho mwami wangu. Ulikuwa na furaha ile siku. Ulisema, "Mama, sasa weye iko na jibu moja tu."

Kweli, nilikuwa na jibu moja tu. Nikatoa farasi nikamlinda askari wangu. Ukatoa kichaa, ukanitishia mwisho wa mchezo, tena nikawa na jibu moja au mawili. Nikasogeza askari mdogo, madamu wako akarudi nyuma. Nikatoa farasi wa pili, madamu wako hana pa kupumzika. Ukafika wakati ambapo kete zangu zote zilikuwa kazini na zako zote zilikuwa zimelala, isipokuwa madamu aliyekuwa anakimbizwa kama mbuzi aliyeingia sokoni. Ukakasirika ukasema mchezo huu hauna haki, umeninyima majibu na bado nimeshinda. Sikukueleza siku ile kwa sababu ugali ulikuwa unaungua. Nakueleza leo.

Ukimwachia mtu jibu moja tu, na jibu hilo ni zuri kwake, umemsaidia kufikiri. Angekaa nusu saa akitafuta cha kufanya, wewe umemfungia milango yote mibaya na kumwonyesha ule mzuri. Unachotaka ni kitu kingine. Unataka awe na majibu sita na manne kati yake yamharibie mwenyewe. Angalia hatua ile ya farasi ninayoipenda mimi. Askari wa mbele ya mwami wako hatua mbili, naye vilevile. Sasa toa farasi wa upande wa mwami. Farasi anamtazama askari wake, lazima amlinde. Anaweza kumlinda kwa madamu, lakini hapo madamu atawazibia njia wengine. Anaweza kumlinda kwa kichaa, kichaa atamkalia askari wake mwenyewe. Anaweza kusogeza askari mdogo wa pembeni ya mwami, atamwacha mwami wake kifua wazi. Yanabaki mawili mazuri, au matatu kama ni mtu anayejua. Nawe katika kuuliza hujapoteza kitu, farasi wako amekaa pale ambapo angetaka kukaa hata kama hakuna swali.

Hesabu majibu, ndiyo, lakini usiishie kwenye kuhesabu. Jiulize jibu linalobaki linamfaa nani. Mimi nililijua hili kwenye ubao tangu nina umri wa miaka ishirini na sita. Nje ya ubao nimelijua mwaka jana, tena kwa aibu.

Majina ya kete nayaandika hapa ingawa unayajua, kwa sababu huko utacheza na watu wanaoyataja kwa namna nyingine na utataka kujua yetu yalitoka wapi. Baba yako alijifunza mchezo bandarini Kalundu alipokuwa karani wa mizigo. Alimfundisha Mgiriki mmoja wa duka la vitambaa, mtu ambaye meli ikichelewa hakujua afanye nini na mikono yake. Biashara ilipomwendea vibaya, Mgiriki alifunga duka akavuka ziwa, akamwachia baba yako ubao na kete zote kasoro farasi mmoja mweusi. Ndiyo maana farasi wetu mmoja ni kizibo cha chupa ya bia. Mgiriki alizitaja kete kwa Kifaransa, baba yako akazileta nyumbani kwa Kiswahili. Roi akawa mwami, kwa sababu watu wa huku tunajua mfalme gani mwingine? Dame akawa madamu. Tour, kwa ajili ya mnara wake, akawa kanisa. Fou, yule anayepita upandeupande, ni kichaa hata kwa Wafaransa wenyewe, tukamwacha na kichaa chake. Wale wadogo wa mbele ni askari.

Alinifundisha mimi kwa sababu hakuwa na mtu wa kucheza naye. Mwezi wa pili nikamshinda. Alicheka sana, aliniita mchawi, akawasimulia watu wote wa bandari. Nikamwambia, "Kwa kuwa minye njo ninapika, minye njo nitaanza." Tangu siku ile weupe wakawa wangu. Miaka kumi na miwili, Feza. Kila jioni weupe mimi, weusi yeye na farasi wake wa kizibo. Hakulalamika. Nilidhani hajali.

Alipochoka kushindwa na mimi, akaanza kucheza kwa barua na Gaspari, yule karani mwenzake wa zamani aliyehamia Usumbura. Kila mmoja ana ubao wake nyumbani, wanaandikiana hatua moja moja kwenye karte za posta, zinapelekwa na akina mama wanaovuka mpaka pale Kavimvira na samaki. Mchezo mmoja ulichukua mwaka mzima. Nilikuwa namcheka. Nilimwambia hiyo ni kazi ya watu wasio na kuni za kupasua.

Sasa nakuambia habari ambayo unaijua nusu.

Waasi walipoingia mjini, wewe ulikuwa misioni na masista walikuwa wamewazuia wanafunzi wasitoke. Ulichoambiwa ni kwamba baba alijaribu kwenda Usumbura, akakamatwa Kavimvira, akafungwa siku kumi na tisa, akatoka, na kwa kuwa bandari ilikuwa imefungwa akabaki Luberizi kwa dada yake kulima mpunga. Kila neno hapo ni kweli. Ni mimi niliyelichagua kila neno.

Siku ile ya kwanza vijana wenye bunduki walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza makarani wako wapi, maana kwao kila karani alikuwa mtu wa serikali. Baba yako alikuwa nyuma, chumba cha mahindi. Jioni tulikaa naye, akaanza kufikiri kwa sauti kama alivyozoea. Aliona njia nne. Aende kwa dada yake Luberizi avae nguo za shamba, nani atamjua kwamba ni karani? Apande milimani kwa wajomba zake. Abaki palepale alipo mpaka mambo yatulie. Au avuke Kavimvira aende kwa Gaspari. Alikuwa anazigeuzageuza polepole, mara hii mara ile, na mimi nasikia kila hatua ya mguu barabarani. Nilimkasirikia. Nikajiambia, huyu mwanamume ataendelea kufikiri mpaka wamkute hapa na kidole kwenye kidevu.

Basi nikamfungia njia.

Asubuhi yake nilikwenda bombani kuchota maji, nikasema kwa sauti mbele ya wanawake wote kwamba Baba Feza amekwisha kwenda Usumbura, ameniacha na shida. Nililia hata machozi. Kwa hiyo kubaki kukawa hakuwezekani tena, maana mtu aliyekwisha ondoka hawezi kuonekana uani anaosha miguu. Nikarudi nikamwambia njia ya milimani imewekewa bunduki. Sikuwa na habari yoyote ya njia ya milimani. Halafu nikamtuma mama mmoja aliyekuwa anarudi Luberizi na mihogo yake, amwambie wifi yangu kwamba nyumba yake inaangaliwa, ndugu yake asije, na akija asimpokee; na baba yako nikamwambia vilevile, nyumba ya dada yake inaangaliwa.

Hapo ndipo ninapotaka kuitupa kalamu hii. Kwa nini niliifunga Luberizi? Ilikuwa njia nzuri kuliko zote. Nilijua. Niliifunga kwa sababu ya wifi yangu, shangazi yako, yule anayesema tangu harusi yetu kwamba ndugu yake ameoa mwanamke wa kumwamuru. Sikutaka awe yeye wa kumwokoa. Sikutaka nije niketi kwake, ninywe maji yake, nimwambie asante. Watu wanachinjwa, na mimi nilikuwa na wivu wa wifi. Ndiyo hivyo, nimeandika. Ukitaka kunicheka, cheka sasa, na ukitaka kulia nimekuwekea kitambaa juu ya nguo zako.

Baba yako alisikia habari za bombani kupitia ukuta, majirani wakinipa pole. Niliporudi ndani alikuwa amesimama.

"Mama Feza," alisema, "weye umenifunga mu nyumba yangu."

"Minye nimekuchagulia njia muzuri."

"Umenichagulia. Na minye?"

"Weye unafikiri sana. Kavimvira iko wazi, akina mama banapita kila siku, vaa kofia ya muvuvi, beba kapu, pita."

Halafu akasema, "Ndiyo, mama," akaenda kutafuta kofia.

Unaisikia hiyo, Feza? Ndiyo, mama. Kwa sauti ileile yako.

Kavimvira kulikuwa na bariera, mti umelazwa njiani, na vijana wanapekua makapu. Angepita. Kofia ilimkaa vizuri, na ndagala kapuni walinuka kiasi cha kumfukuza askari yeyote. Lakini mfukoni alikuwa na karte ya mwisho ya Gaspari. Alikuwa anakwenda kwa Gaspari, na mchezo ulikuwa haujaisha, na mume wangu ni mtu ambaye akikimbia kufa anachukua mchezo wake ili aumalizie huko. Kijana mmoja aliyejua kusoma akaisoma kwa sauti. Nimeiona karte hiyo, waliirudisha baadaye, najua kila neno lake. Gaspari ameandika: "Ndugu, madamu yangu imefika karibu ya kanisa lako. Kichaa wako amekufa. Mwami wako iko na njia moja tu. Ngojea, juma ijayo utaona."

Hebu fikiri. Mtu wa mpakani, kofia si yake, barua inatoka upande wa pili ambako kuna mwami wa kweli na ikulu yake, na huku kwetu bami, wafalme wetu, wengine wamekwisha kimbia na wengine wanatafutwa. Wakamwita komanda.

"Mwami gani?" komanda akauliza.

"Haiko mwami wa kweli, komanda. Iko mwami wa muti."

"Mwami wa muti ni nani? Na huyu madamu ni nani? Anakuja kanisa gani? Juma ijayo kutatokea nini?"

"Ni muchezo, komanda."

"Weye unacheza na mwami?"

Baba yako, Feza, alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Badala yake akaanza kueleza. Alieleza jinsi madamu anavyokwenda pande zote, jinsi kanisa linavyokwenda moja kwa moja, jinsi kichaa anavyopita upandeupande na jinsi askari wanavyokufa kwanza. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyoandika. Walimpiga sikio la kushoto mpaka leo halisikii. Kila siku walimuuliza jambo moja, mwami anapitia njia gani, na kila siku hakuwa na jibu jingine.

Aliyemtoa ni mlinzi mmoja, Mfuliiru wa bondeni, aliyemtambua kwa sura kwamba ni ndugu ya shangazi yako; shangazi huyo aliwahi kumpa mama wa mlinzi mbegu za mpunga. Alimfungulia mlango wa nyuma alfajiri, akamwambia, "Enda." Na pale nje Kavimvira unapajua, barabara inaachana. Kulia ni Usumbura. Mbele ni bondeni, Luberizi, njia ya Bukavu. Nyuma ni mjini, kwangu.

Alikwenda Luberizi. Ujumbe wangu wa uongo ulikuwa umefika, na wifi alimpokea hata hivyo. Aliniambia baadaye, bila kupandisha sauti, "Minye nilijua ile ni maneno yako, haiko ya baaskari." Nilikunywa maji yake. Nilimwambia asante. Sikufa.

Nilimfuata mume wangu mara mbili mwaka huu tangu njia ilipotulia. Mara ya pili nilimkuta shambani, maji mpaka magotini, anaondoa magugu. Nikamwambia bandari itafunguliwa, turudi nyumbani. Alinigeuzia sikio zima nirudie. Nikarudia. Akasema, "Hapa ninapata pa kugeukia." Hakuwa amekasirika, ndiyo iliyonimaliza. Alinipa kiroba cha mchele, akanisindikiza mpaka barabarani, akasimama mpaka lori likaja.

Hiyo ndiyo habari nzima. Ile nusu nyingine niliificha nisije nikaonekana vile nilivyo.

Ungefikiri mtu aliyepita hapo amejifunza. Nami nilifikiri nimejifunza, mpaka Jumapili. Tulikuwa tunakunja nguo zako, ukaniuliza, hukunitazama, "Mama, minye naweza kupita kwa baba siku mbili mbele ya kwenda?" Na mimi, kabla sijapumua, nikakujibu: shule inafungua Jumatatu, lori ni moja, linakwenda moja kwa moja mpakani. Majibu matatu kwa pumzi moja. Ukamaliza kukunja gauni ulilolishika. Halafu ukasema ile yako.

Feza, shule haifungui Jumatatu. Inafungua baada ya wiki mbili na nusu. Barua ya masista ilikuja mwezi uliopita, ilikuwa imefichwa nyuma ya picha ya harusi, na sasa nimeikunja humu ndani uisome mwenyewe. Malori yapo kila siku ya soko. Dereva Mupenda nilimwambia asisimame Kavimvira kwa lolote, hata ukilia. Alinitazama kama watu wanavyomtazama mama mkwe.

Kwa nini? Kwa sababu naogopa utabaki. Baba yako hatakuambia ubaki, hana tabia hiyo, lakini nawaza utamwona ndani ya maji, utaona lile sikio, utaona mpunga umekomaa na mikono haitoshi, utasema ngoja nimsaidie mavuno haya tu. Kisha mavuno mengine. Shangazi yako ataleta kijana wa jirani mwenye ng'ombe watatu. Na nafasi yako Usumbura atapewa mwingine, na mikono hii yako ambayo daktari mwenyewe wa misioni aliisifu itakuwa inapepeta mchele. Naliogopa hilo kuliko nilivyoogopa bunduki. Nakuambia ujue uzito wake, kwa maana si jambo dogo ninalolifungua hapa.

Leo mchana nilifungua sanduku lako niweke kitambaa. Chini kabisa, chini ya blanketi, nimekuta shati la baba yako, lile la kazini la mistari. Umelishona kola, umebadilisha vifungo viwili. Mishono midogo, mizuri. Umekaa na shati hilo siku ngapi, we mtoto? Ulikuwa unasubiri nini? Ulitaka kuruka kutoka kwenye lori linalokwenda? Ulinijibu ndiyo mama na huku una shati chini ya blanketi! Nilikaa kitandani kwako nikiwa nimelishika, nimekasirika mpaka nikacheka. Miaka minne nakulaumu kwamba hujui unachotaka, kumbe ulikuwa unacheza mchezo mwingine na mimi ndiye nimesogeza askari wa pembeni.

Lakini angalia nilichokuwa nimekufanyia. Nilikufungia njia zote nikakuachia mbili: kutii, au kutoroka. Hakuna hata moja inayonifaa. Ukitii, unafika Usumbura na moyo uliobaki kwetu nyuma. Ukitoroka, umekwisha kuwa mtoto anayemtoroka mama yake. Huo ni mwanzo mbaya kuliko wote uliowahi kuucheza wewe, na nimeucheza mimi, mwenye kujiita mwalimu. Ningekuwa ubaoni ningejichapa.

Kwa hiyo nitakupa barua hii kesho mkononi, lori likiwa limewasha moto, ili nisikuone unavyoisoma. Isome kabla hujafika Kavimvira. Nitakuwa nimekwisha zungumza na Mupenda asubuhi, atasimama pale penye njia panda kwa muda utakaomwambia. Sitakuandikia ushuke wala usishuke. Kalamu inataka kuandika, naishika kwa mikono miwili. Unaweza kwenda moja kwa moja ukawahi kuzoea mji. Unaweza kukaa na baba yako wiki mbili, ukachukua lori la soko na kuwahi shule. Unaweza kubaki huko. Ndiyo, na hilo nimeliandika. Nikisikia umebaki nitapiga kelele mpaka Mama Sifa aje na maji, kisha nitakuja Luberizi kukuona, na nitamsalimia wifi yangu kwanza.

Ukiwa Usumbura mtafute Gaspari. Ni mzee mpole. Mwambie karte zake aandike kwa Kifaransa.

Nakusikia unacheka na Mama Sifa langoni, anakusindikiza. Basi niharakishe. Ubao nimeufunga kwenye kitenge cha kijani, umo juu ya sanduku, si chini. Kete nimezihesabu, zimetimia, na kizibo kimo. Utakwenda nao popote utakapokwenda, ni wako. Ila kama utashuka Kavimvira na kushika ile njia ya bondeni, mpe baba yako shati lake, msubiri anawe mikono, kisha panga kete mbele yake. Atajipangia weusi, amezoea. Ugeuze ubao. Mwambie, "Baba, mama amesema leo unaanza wewe."

Mama yako